Kamera ya baridi ya Elgon kwa shilingi elfu hamsini

Swali: Naongoza vikundi vya wapanda milima kutoka Kisumu. Mwezi wa Februari tulikuwa Mlima Elgon, na saa kumi na moja alfajiri, tukikaribia Koitobos, simu yangu ilizima ikiwa na chaji asilimia 40. Mara nyingine mimi huenda Iten kuwapiga picha wakimbiaji asubuhi na mapema. Nina shilingi 50,000. Ninunue kamera gani iliyo imara, inayohimili baridi, na isiyonimaliza mfukoni?

Dada, nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Tafuta Nikon D7000 ya mkono wa pili, uiwekee lenzi ya Nikon ya milimita 35 yenye f/1.8 (namba ya tundu la lenzi: ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi unaingia), ile ya herufi G, pamoja na betri mbili halisi na mfuko mmoja mzuri usiopenya maji. Ukiipata D7100 kwa bei unayoimudu, chukua hiyo. Bei za mkono wa pili hupanda na kushuka kulingana na hali ya kamera na shida za muuzaji, lakini ukiwa na subira, kwa elfu hamsini inawezekana. Wengi watakuambia ununue kamera ndogo isiyoingia maji, zile zinazouzwa kwa sifa ya kuhimili baridi na kuanguka. Si ushauri wa kupuuza na nitaufikia. Ila kwa kazi uliyonieleza, mimi singeinunua.

Tuipime kwanza baridi yenyewe. Ushauri mwingi kuhusu kamera na baridi umeandikwa na watu wa Norwe na Kanada, wanaozungumzia nyuzi 20 au 30 chini ya sufuri. Baridi yetu si hiyo. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Koitobos kiko mita 4,222. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo kati ya nyumbani kwako na Koitobos kuna tofauti ya nyuzi kama 20. Alfajiri ambayo Kisumu ni nyuzi 18, kileleni itakuwa karibu nyuzi 2 chini ya sufuri. Januari na Februari, anga ikiwa wazi, ardhi hupoteza joto usiku kucha na baridi hukolea. Ndiyo miezi ambayo wakulima wa chai wa Kericho na Nandi huogopa jalidi. Iten, kwenye mita kama 2,400, na Timboroa ambako reli inapita juu ya mita 2,700, utatetemeka kweli, lakini kwa kawaida kipimajoto kitabaki juu ya sufuri. Upepo wa kileleni nao huikata mikono yako vibaya, ila hauwezi kuishusha kamera chini ya joto la hewa iliyopo. Unachofanya ni kuipoza upesi.

Sasa soma kijitabu cha kamera yoyote ya kawaida. Nyingi zimeandikwa kwamba zinafanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Simu ni hivyohivyo: Apple, kwa mfano, huandika nyuzi 0 hadi 35 kwa iPhone. Maana yake ni kwamba Elgon alfajiri inavuka mpaka huo kwa hatua moja au mbili tu, tena kwa saa chache. Ndiyo sababu sikushauri ulipie zaidi kwa ajili ya maandishi ya nyuzi 10 chini ya sufuri kwenye boksi. Hapa Nakuru, katika kamera zinazoletwa kwenye meza yangu baada ya safari za milimani, sijaiona iliyouawa na baridi peke yake. Zimeuawa na maji. Pale baridi inapoingia, huingia kupitia betri.

Simu yako ilizima kwa sababu hiyo. Betri ya lithiamu hutoa umeme kwa mwendo wa kemikali ndani yake, na kemikali ikipoa mwendo huo unakuwa mzito. Chaji bado ipo, lakini haitoki kwa nguvu inayotakiwa. Volti inashuka ghafla unapofungua kamera, simu inadhani imeisha, inajizima ili isiharibike. Ukiipasha joto, asilimia zako zinarudi. Kwa hiyo ukiwa mlimani betri ya akiba haikai kwenye mkoba wa mgongoni. Inakaa kwenye mfuko wa ndani, karibu na kifua, na ile iliyo ndani ya kamera ikilegea unazibadilisha: ya moto inaingia, ya baridi inarudi kifuani. Usiku zilaze ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na simu na pawabenki. Jambo moja usilifanye: usichaji betri ya lithiamu ikiwa imepoa chini ya sufuri. Hapo madhara hayarudi nyuma, kwa kuwa lithiamu hujibandika ndani ya betri kama metali tupu na uwezo wake unapungua kwa kudumu. Ipashe kwanza, ndipo uichomeke.

Hapa ndipo D7000 inaanza kujitetea. Nikon waliitoa mwaka 2010, na kwa kipimo cha kiwanda betri yake, EN-EL15, hupiga picha 1,050 kwa chaji moja. Kamera ndogo ya Olympus TG-6 ya 2019 hupiga 340. Baridi ikila theluthi ya kila moja, wewe bado una picha mia saba na mwenzako ana kama mia mbili. Siri iko kwenye kidirisha cha kutazamia. Katika kamera ya kioo kama D7000 unatazama moja kwa moja kupitia lenzi, bila skrini yoyote kuwaka, na hivyo unaweza kushinda ukingoni mwa barabara ya Iten ukiwasubiri wakimbiaji karibu bila betri kuguswa. Kamera za kisasa zisizo na kioo, na zile ndogo, zinawasha skrini muda wote unaotazama. Skrini zenyewe hupunguza kasi kwenye baridi, picha inaburuta.

Tukija kwenye maji, hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Mvua si tatizo gumu. Unaiona inakuja, na kule Elgon kwa kawaida huja alasiri, unafunika kamera. Maji yanayoharibu ni yale yasiyoonekana yakija. Chukua mfano huu. Mmeshuka kutoka kileleni asubuhi, kamera imekaa kwenye hewa ya nyuzi 2 kwa saa tatu, na chuma chake chote kimepoa hadi ndani. Mnaingia kwenye matatu mkiwa watu kumi na wanne, madirisha yamefungwa, kila mtu anapumua, nguo zimelowa. Unaitoa kamera uwaonyeshe picha. Kabla hujaiwasha, kioo cha lenzi kinageuka cheupe. Ukikifuta kwa kitambaa, kinageuka cheupe tena. Ukipitisha kidole kwenye chuma cha chini utakuta kimelowa kama kimetoka kwenye bomba. Ule ni mvuke wa pumzi zenu umekutana na chuma baridi ukawa maji, na kama umefungua mlango wa betri au umebadilisha lenzi wakati huo, maji hayohayo yanajiunda ndani, juu ya saketi na sensa, kile kipande kinachonasa picha. Fundi anaifungua kamera baada ya wiki mbili anakuta kutu ya kijani.

Dawa yake ni rahisi na inahitaji nidhamu tu. Ukiwa bado nje kwenye baridi, toa memori kadi na betri uviweke mfukoni, kisha funga kamera ndani ya mfuko usiopenya hewa, ukiukamua hewa kabla ya kufunga. Ingia garini. Maji yatajiunda nje ya mfuko, na kamera ndani itapata joto polepole ikiwa kavu. Usiufungue mpaka uguse mfuko na usihisi ubaridi. Kwa kamera ya ukubwa huu ni saa moja hadi mbili. Kadi unaitoa kwanza kwa sababu najua wateja wako watataka kuona picha papo hapo, na bila kadi mkononi utashawishika kufungua.

Kuhusu mfuko wenyewe, usitegemee plastiki nyepesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na misitu iliyohifadhiwa, Mlima Elgon ukiwamo. Nunua ule mfuko mzito wa kukunja mdomo mara tatu na kubana klipu, ambao watu wa boti hutumia kukinga simu na nguo. Wa lita tano unatosha. Utaishi miaka, na askari wa Chorlim, lango la kuingilia hifadhi ya Elgon, hatakuwa na neno nawe.

D7000 si kamera ya kuzamisha. Ninaposema ni imara namaanisha kwamba sehemu yake ya juu na ya nyuma ni aloi ya magnesiamu, na kwenye maungio na vitufe kuna mipira ya kuziba vumbi na matone. Manyunyu ya Cherangani itayavumilia, mvua ya kumwagika itahitaji kifuniko. Lenzi ya milimita 35 niliyokutajia nayo ina mpira mdogo pale inapoungana na kamera, ungio lake ni la chuma, na uzito wake ni gramu 200 tu. Lenzi za 18-55 zinazouzwa na kamera nyingi hazina mpira huo. Tena zikivutwa na kurudishwa hufyonza hewa yenye unyevu kama pampu ya baiskeli. Ukipewa moja pamoja na kamera ichukue, itakufaa kwa mandhari siku ya jua, ila kwenye ukungu iache ndani ya mkoba.

Na f/1.8 si anasa. Wakimbiaji wa Iten wanatoka kabla jua halijachomoza, na ili mguu usitoke umefifia unahitaji shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ya angalau 1/500 ya sekunde. Kwa f/1.8 mwanga unaoingia ni zaidi ya mara tisa ya ule unaopata kwa f/5.6, ambako lenzi nyingi za bei ya chini huishia ukivuta karibu. Utaambiwa milimita 35 ni fupi kwa michezo. Ni fupi uwanjani. Barabarani Iten kundi linapita mita chache kutoka ulipo; chutama ukingoni, upande wa juu wa mteremko, upate nyuso zao na mvuke wa pumzi pamoja. Milimita ndefu zaidi utazinunua ukishaanza kulipwa.

Sasa zile kamera ndogo za kazi ngumu. Olympus TG-6 huzama hadi mita 15, huvumilia kuanguka kutoka mita 2.1 na baridi ya nyuzi 10 chini ya sufuri. Nikon W300 huzama hadi mita 30. Hizi ni sifa za kweli. Kama ungeniambia kazi yako ni kuwapiga picha wavuvi ndani ya mashua kwenye ziwa, au kwamba unapanda na kamba huku mikono yote ina shughuli, ningekuambia ununue TG usiangalie nyuma. Zinaingia mfukoni, na wewe unayeongoza watu na kubeba dawa za huduma ya kwanza, uzito ni hoja: D7000 na lenzi yake na betri inakaribia kilo moja. Nimelifikiria hilo. Ila sensa ya TG ni ndogo sana. Eneo la sensa ya D7000 ni takriban mara 13 yake. Mchana hutaona tofauti kubwa kwenye simu ya mteja. Alfajiri, ambayo ndiyo saa yako ya kazi, picha ya sensa ndogo inajaa chenga na nyuso zinayeyuka. Halafu mpya haikai ndani ya bajeti yako: TG-7 ilipotoka 2023, Marekani iliuzwa kwa dola kama 550, kabla ya usafiri na ushuru. Ya mkono wa pili ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Uwezo wake wote wa kuzuia maji unategemea mpira mwembamba kwenye mlango wa betri, na mpira huo huzeeka. Punje moja ya mchanga ikikaa juu yake, maji yameingia, na kwa macho huwezi kujua kama aliyeiuza aliutunza.

Pentax K-70 ya 2016 ingekuwa chaguo zuri hata kuliko langu, kwa vile imezibwa vizuri na mtengenezaji anaikubali hadi nyuzi 10 chini ya sufuri. Tatizo ni lenzi na vipuri. Mafundi wetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, mikono yao imezoea Canon na Nikon. Ukipenda Canon, tafuta 7D ya 2009. Nayo ni magnesiamu, nayo imezibwa. Kamera za "action", zile ndogo za kuvaa kofiani, ziache: betri zao ni ndogo mno kwa baridi.

Kununua mkono wa pili kunataka macho. Kutana na muuzaji mchana, dukani au mahali penye watu, na usitume M-Pesa kabla hujaishika kamera. Njoo na tochi, memori kadi yako na, ukiweza, betri yenye chaji. Fungua mlango wa betri kwanza utazame vile vidole vya shaba ndani kabisa: vikiwa na ukijani au uweupe wa unga, maji yashaingia, rudisha na uondoke hata kama bei inavutia. Kagua mpira wa mshiko. Wa D7000 una tabia ya kuvimba na kubanduka pale kidole gumba kinapokaa. Hilo linagundishwa kwa bei ndogo, lakini litumie kupunguza bei. Halafu toa lenzi, imulike tochi kwa nyuma huku ukiitazama kwa mbele ikiwa imeinama kidogo. Vumbi dogo halidhuru. Ukiona nyuzinyuzi nyembamba zilizotawanyika kama mizizi, hiyo ni kuvu, na ikishakula utando wa kioo alama yake haiondoki.

Piga picha moja, uifungue baadaye kwenye kompyuta: Nikon huandika ndani ya picha idadi ya mara shata ilipofanya kazi, na kuna kurasa za bure za kuisoma. Shata ya D7000 ilipimwa kiwandani kwa mara 150,000. Iliyo chini ya 60,000 ningeilipia vizuri, ya 120,000 ningetaka punguzo kubwa. Ina nafasi mbili za kadi, jaribu zote. Mwisho punguza tundu la lenzi hadi f/16, piga anga nyeupe, ukuze picha. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa na husafishika. Doa lenye ukingo wa mduara kama la tone lililokauka lichunguze zaidi, maana huenda ni maji.

Kwenye betri usibane pesa. Feki za EN-EL15 zimejaa, na utazijua mara nyingi kwa wepesi wake mkononi na maandishi yaliyofifia. Betri dhaifu itakuzimia kileleni hata ukiilaza kifuani.

Na usiisahau Kisumu yenyewe. Kwa mwaka mzima kamera yako itakaa kando ya ziwa siku nyingi kuliko itakavyokaa mlimani, na kuvu huanza kustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 au 65. Usiihifadhi ndani ya mkoba wake wa kitambaa, hasa ukiwa umerudi nao umelowa. Nunua chombo cha plastiki cha chakula chenye kifuniko cha kubana, weka kamera na lenzi ndani pamoja na silika jeli. Zile punje zinazobadilika rangi ni bora, kwa sababu zinakuonyesha zimeshiba. Zioke kwenye ovena kwa nyuzi kama 120 kwa saa mbili zirudi kavu, au uzibadilishe. Mchele usiuweke, una unga unaoingia kwenye vitufe. Toa kamera kila wiki, ifungue na kupiga picha kidogo kwenye mwanga wa nje, hata kama huna safari.